Kukaa Kijijini Usambara: Mwongozo kwa Mtu wa Mjini

Wengi wanaopanda Lushoto kwa mapumziko hufika Irente, penye mwamba wa kutazamia bonde, wakapiga picha ukingoni, wakala, wakalala hotelini, na kesho yake wameshashuka. Si vibaya. Ila mlima wenyewe, ule wa watu wanaoamka alfajiri kukata majani ya ng'ombe, unakuwa umewapita. Mwongozo huu ni wa anayetaka kukaa siku tatu nne katika kijiji cha Usambara Magharibi, afuate saa za wenyeji wake, apite njia wanazopita, kisha aondoke bila kumwachia mtu mzigo. Ukiwa na siku mbili tu, nenda Irente upige picha zako, na huu uuweke kwa safari nyingine.

Hatua ya 1: Chagua mwezi, kisha kijiji

Usambara imo katika Milima ya Tao la Mashariki, na uhai wake unatokana na unyevu wa Bahari ya Hindi. Kwa hiyo mvua na ukungu vinaweza kukukuta mwezi wowote. Kinachobadilika ni kiasi. Masika, Machi hadi Mei, njia za udongo huteleza kama sabuni na magari ya vijiji vya mbali hukwama. Vuli ya Oktoba hadi Desemba ni nyepesi zaidi. Juni hadi Agosti ni baridi ya kweli, na mtu wa Dar asidanganywe na jua la mchana, maana likishazama anatafuta blanketi la pili.

Mimi napendekeza mwisho wa Juni. Mvua imekatika, vumbi halijaanza, mito ina maji na mashamba yana kitu. Asiyeivumilia baridi aende Januari au Februari, ambapo pia atakuta plamu.

Kuhusu kijiji, jiulize unataka nini. Vijiji vya karibu na Lushoto mjini, kama Irente na Migambo, vinafikika kwa bodaboda, na ukiugua uko karibu na hospitali. Lushoto yenyewe iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hakuna cha kuogopa kuhusu hewa kuwa nyepesi. Mtae na Mambo, upande wa kaskazini, ni kwa anayetaka kuona ardhi ikikatika ghafla: unasimama mgongoni mwa mlima, na chini yako kumelala nyika ya Mkomazi, hifadhi ya taifa tangu 2008, na ng'ambo yake ni Kenya. Asubuhi isiyo na mawingu Kilimanjaro inaonekana. Mlalo iko ndani ya bonde, ina mashamba ya kupendeza na nyumba za zamani. Rangwi kuna masista wanaopokea wageni, na anayetaka utulivu hatajuta. Bumbuli ni upande wa chai.

Chagua kimoja. Tamaa ya kuvimaliza vyote itakufanya ukae ndani ya gari kutwa, na barabara za huko juu hazikimbiwi.

Hatua ya 2: Kupanda

Lango ni Mombo, kwenye barabara kuu ya Segera kwenda Same. Mombo kuna joto na mbu. Kutoka hapo hadi Lushoto ni kilomita 33 za lami nyembamba iliyochongwa ubavuni mwa mlima, kona juu ya kona. Anayetapika safarini akae mbele na asile chipsi mayai pale stendi.

Katikati ya njia ni Soni, penye maporomoko yanayoonekana ukiwa barabarani. Hapo kina mama na vijana huja dirishani na ndoo za matunda kulingana na msimu: plamu, peasi, pichi, maparachichi. Nunua hapo kidogo tu, kwa sababu kijijini utapewa mengine. Toa pia fedha taslimu kwa wakala ukiwa Lushoto. Wakala wa kijijini yupo, lakini jioni mara nyingi fedha zake taslimu zimekwisha, na mama wa gengeni hana haja na kadi yako ya benki.

Kwa Mtae, Mlalo au Rangwi utapanda basi au gari dogo jingine kutoka Lushoto. Fika Lushoto kabla ya saa saba mchana. Ukichelewa, lala hapo uende asubuhi. Kupanda usiku kwa bodaboda umbali huo, kwenye ukungu, na begi mgongoni, sikushauri hata kama kijana anaapa kwamba njia anaijua.

Hatua ya 3: Mzigo

Sweta zito, koti la mvua, viatu vyenye meno vilivyokwisha kuvaliwa (si vya dukani jana), soksi nyingi, tochi, chupa ya maji, dawa zako. Mwanamke abebe khanga mbili: moja ya kujifunga juu ya suruali anapoingia nyumba za watu, nyingine ya baridi. Kwa kawaida mwanamume anasahau kofia, na masikio humkumbusha.

Usibebe spika. Nasema hivi kwa sababu nimeziona.

Hatua ya 4: Jitambulishe kabla hujaanza kuzunguka

Hii ndiyo hatua ambayo watu wa mjini huiruka, kisha wanashangaa kwa nini wanatazamwa. Kijiji cha mlimani si mtaa wa kupanga ambao jirani hajui nani kahamia. Mgeni akishuka kwenye gari, habari zimefika kabla yake. Mwombe mwenyeji wako akupeleke kwa mwenyekiti wa kitongoji, au kwa mtendaji wa kijiji ofisini, usalimie, useme umetoka wapi, unakaa kwa nani na siku ngapi. Ukipewa daftari la wageni, andika. Tangu hapo wewe ni mgeni wa fulani, na hata ukipotea njia, mtoto yeyote atajua akurudishe wapi.

Kama huna mwenyeji, mpate kupitia waongoza wageni wa Lushoto mjini wanaofanya utalii wa utamaduni. Wana nyumba wanazoshirikiana nazo vijijini. Elewana bei mapema, na uulize waziwazi ni kiasi gani kinamfikia mwenye nyumba.

Salamu zichukue muda wake. Mzee ni shikamoo, kila mzee, hata yule unayempita akiwa mbali shambani. Wenzako wa rika utawauliza habari za nyumbani, za kazi, za shamba, na utasimama usikie jibu. Ukijitahidi na Kisambaa kidogo, "Onga maundo" asubuhi au "Onga mshee" mchana, na ukisalimiwa wewe uitikie "Niwedi", utachekwa kwa furaha na utafundishwa mengine. Kiswahili kinatosha kwa yote yaliyobaki.

Vijiji hivi vina Waislamu na Wakristo, mara nyingine ndani ya ukoo mmoja. Uliza kabla ya kuleta nyama ya aina yoyote au pombe nyumbani kwa mtu. Na ikiwa ni Ramadhani, usitembee ukitafuna.

Hatua ya 5: Ingia katika saa za nyumba

Mtu anayekuja kupumzika hudhani ataamka saa tatu. Akiamka saa hiyo atakuta nyumba tupu na chai imepoa kwenye chupa, kwa sababu watu wameondoka zamani. Amka saa kumi na mbili. Saa hiyo moshi unapenya kwenye bati au nyasi za paa la jikoni, ukungu umejaa bondeni, na unasikia majembe kabla hujawaona wanaolima.

Kazi ya kwanza ni ng'ombe. Huku juu ardhi ni ndogo na miteremko ni mikali, hivyo ng'ombe wengi wa maziwa hufungiwa bandani, na majani huletwa kwao. Watu hukata mabingobingo na gwatemala, majani marefu ambayo yamepandwa pia kwenye kingo za matuta ili kuzuia udongo. Omba kwenda. Utapewa mzigo mdogo na utaona aibu, maana binti wa miaka kumi na minne anapita na mara mbili ya wako, kichwani, akipanda mlima huku akiongea. Samadi ya banda hilo hurudi shambani. Ukifuata mzunguko huu siku moja, kutoka kwenye ukingo wa tuta hadi bandani, kutoka bandani hadi kwenye shina la mgomba, umeshaelewa kilimo cha Usambara kuliko atakayekuambia ofisini.

Shambani utakuta mahindi na maharage, migomba, kahawa kidogo chini ya miti, na karibu na maji ndiko kwenye biashara: kabichi, karoti, viazi mviringo, hoho, nyanya. Mboga nyingi unazokula Dar zimetoka kwenye vipande hivi visivyozidi ukubwa wa uwanja wa shule. Jioni Fuso huja kupakia. Ukikuta gunia la viazi limejazwa hadi likaota kichwa juu ya mdomo, hiyo ndiyo lumbesa, ambayo serikali imeipiga marufuku mara kadhaa na bado ipo. Waulize wakulima wanavyoiona. Hutapata jibu fupi.

Ukipewa jembe, lima, lakini acha mwenyewe akuoneshe mstari. Jambo la kuzingatia ni kingo za matuta. Usizikanyage wala kukatisha njia kwa kuruka tuta hadi tuta. Mguu mmoja unaweza kubomoa kazi ya msimu. Matuta haya yana historia yake. Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya kikoloni ilianza mpango wa kuhifadhi udongo huko bonde la Mlalo mwaka 1946, ikausambaza Usambara kwa amri: kila mtu achimbe matuta, asiyechimba atozwe faini. Watu waliukataa hadi ukaachwa kabla ya Uhuru. Leo mkulima yule yule anachimba tuta kwa hiari, kwa sababu ameona faida na hakuna anayemsimamia kwa kiboko. Mzee wa Mlalo akianza kukusimulia hili, weka jembe chini.

Hatua ya 6: Kutembea njia za watu

Njia za milimani hazikuchongwa kwa ajili ya watalii. Zinakwenda shuleni, kisimani, kanisani, msikitini, gulioni. Hiyo ndiyo raha yake, na ndiyo inayoleta adabu yake.

Anayebeba mzigo ana haki ya njia. Ukikutana naye, simama upande wa juu wa mlima, mpishe, msalimie. Ukisimama upande wa chini na yeye akayumba, mtaporomoka wote wawili.

Anza mapema. Asubuhi ukungu hupanda polepole kutoka bondeni, na kati ya saa mbili na saa tano ndipo unapoona mbali zaidi. Mchana mawingu hurudi. Panda kwa hatua fupi fupi bila kusimama kila dakika. Ukihema kiasi cha kushindwa kuongea, umekwenda kasi kuliko uwezo wako. Wasioelewa mlima huogopa kupanda, kumbe kinachoumiza magoti ni kushuka. Kata fimbo, au omba uazimwe, na ushuke kwa kukunja magoti kidogo.

Kuhusu umbali: mwenyeji akikuambia "hapo tu", anakuambia ukweli wake. Miguu yake imezoea tangu utotoni. Wewe zidisha mara mbili, na kama kuna bonde katikati, mara tatu. Swali zuri kuliko "ni mbali?" ni "ukiondoka sasa unarudi saa ngapi?" Kisha ongeza.

Watoto watakufuata. Waulize majina na waache wakuoneshe miti. Wanajua tunda gani linaliwa na jani gani linawasha. Pipi na sarafu usigawe. Ukishazigawa, mgeni anayekuja baada yako ataombwa tangu anaposhuka garini, na wazazi hawalipendi hilo hata kidogo. Ukiwa na chochote kwa ajili ya watoto, kipeleke kwa mwalimu mkuu.

Picha ya mlima piga upendavyo. Ya mtu, omba. Mwanamke aliyeinama shambani akiwa na matope magotini asingependa kujikuta kwenye simu ya mtu Sinza.

Hatua ya 7: Siku moja msituni

Tenga siku nzima kwa Magamba, msitu wa asili ulio juu ya Lushoto. Ni Hifadhi ya Mazingira Asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS. Kuna kiingilio, na hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali, si mkononi mwa mtu. Pitia ofisini kwao kwanza na uchukue mwongozaji. Hata mwenyeji wa kijiji jirani huchukua anayeujua msitu, kwa sababu ukungu ukishuka, njia zote zinafanana.

Chomeka suruali ndani ya soksi kwa ajili ya siafu. Kisha nyamaza. Mbega weusi wenye manyoya meupe mabegani huonekana na wanaokaa kimya, na ukipiga kelele utasikia tu matawi yakivunjika mbele yako. Hondohondo utamsikia kabla ya kumwona; mabawa yake yana mvumo mzito juu ya miti. Mwongozaji akuoneshe mkulo, mti mkubwa wenye harufu ya kafuri, ambao mbao zake zilitafutwa sana hadi mikulo mikubwa ikabaki michache. Vinyonga ni wengi na huonekana vizuri usiku kwa tochi, wakiwa wamelala kwenye ncha za matawi. Watazame bila kuwashika. Kumweka kinyonga begani ili upate picha ni mchezo wa kipuuzi.

Usichimbe mmea wowote. Usambara ilishachukuliwa vya kutosha: kile kiua kidogo cha zambarau kinachokaa kwenye vyungu madirishani Ulaya na Marekani kilitoka milima hii, baada ya ofisa mmoja wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, kukipeleka kwao mwaka 1892.

Hatua ya 8: Siku ya gulio

Kila eneo lina siku yake ya gulio, na zimepangwa kwa zamu ili wachuuzi wazunguke. Muulize mwenyeji siku unapofika, kisha panga siku nyingine zote kuizunguka hiyo. Gulioni ndiko utakapowaona watu wakiwa wamevaa, wakicheka, wakigombana bei, wakipeana habari za misiba na harusi. Nenda kwa miguu pamoja na wanaokwenda kuuza. Gulio linachangamka kabla ya saa sita. Saa tisa watu wanafunga.

Punguziwa bei ya koti la mtumba, sawa. Lakini fungu la karoti la mama aliyeshuka nalo kichwani tangu alfajiri, lipe bei aliyotaja. Mia mbili utakayookoa haitakufikisha popote. Nunua mboga za jioni na upeleke nyumbani: mnafu, maharage mabichi, maparachichi, na nusu kilo ya nyama kama nyumba inakula. Hakuna zawadi inayopokewa vizuri kuliko kitu kinachoingia jikoni siku hiyo hiyo. Sukari na majani ya chai pia havikosei.

Hatua ya 9: Jioni

Baridi inaingia saa kumi na mbili. Usijifungie chumbani na simu. Mtandao wenyewe unakuja na kuondoka. Nenda jikoni, ukae kwenye kigoda karibu na mafiga. Omba kumenya viazi. Wanaume wa mjini wanaoogopa jiko la mama wasiogope: ukiomba kwa heshima utachekwa, utapewa kisu.

Chakula kitakuwa makande mara nyingi, mahindi na maharage yaliyochemka polepole hadi yakalainika, au ugali na mboga za majani, au ndizi. Kula kilichopikwa. Kama kuna kitu hukili kwa afya au dini, kiseme siku ya kwanza.

Baada ya kula ndipo yanapokuja mazungumzo. Ukimpata babu au bibi mwenye kumbukumbu, muulize habari za Mbegha, mwindaji aliyetoka Ngulu, akawaua nguruwe mwitu waliokuwa wakimaliza mazao ya Wasambaa, akawagawia watu nyama, mwishowe wakamfanya mtawala. Ukoo wake, Wakilindi, ulitawala kutoka Vugha, mji wao mkuu, na hata leo kuna wanaojua kutaja wafalme kwa mfuatano hadi Kimweri ye Nyumbai, aliyefariki mwaka 1862. Kila nyumba inasimulia kwa namna yake. Usimkatishe mzee kwa kile ulichosoma kwenye simu.

Maji ya kuoga ni ya moto kutoka jikoni, ndoo moja. Kuni hizo zimebebwa na mtu, kwa hiyo usiombe ya pili.

Hatua ya 10: Malipo na kuaga

Lipa mwenyeji kwa mkono wako, faraghani, usiku wa mwisho, si asubuhi watu wote wakiwa wamesimama. Ukilala kwa ndugu au rafiki asiyepokea fedha, acha kilo za sukari, mafuta ya kupikia, sabuni, au changia kitu unachoona kimepungua nyumbani. Mwongozaji wako mlipe yeye mwenyewe pia. Takataka zako za plastiki rudi nazo. Kijijini hakuna gari la taka, na chupa uliyoitupa itaishia kwenye mfereji wa shamba la mtu.

Asubuhi ya kuondoka pita kwa majirani uliowazoea uage, hata kwa dakika moja. Kuondoka kimya kimya huacha maswali.

Mabasi ya kwenda Dar huondoka huko juu gizani, mengine kabla ya adhana ya alfajiri, kwa hiyo kata tiketi siku moja kabla na mwombe kondakta namba yake ya simu. Utapewa mzigo wa kushuka nao, hilo halikwepeki: viazi, ndizi, pengine kabichi kubwa kuliko kichwa chako. Viazi viende kwenye buti. Plamu zishike mapajani, maana zikikaa chini ya begi zitafika Mbezi zikiwa juisi.